Hakuna Dhamana Bila Mdhamini

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja ya Oktoba, wiki ya kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, kwenye ukumbi mdogo wa Upanga, Dar es Salaam. Walionialika ni vijana, Waislamu na Wakristo pamoja. Walinirekodi kwa simu, mjukuu wangu akayachapa, nami nikayapunguza. Kikohozi na stori za Simba na Yanga nimevitoa.

Assalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristu. Na ambao hawamo humo mote, hamjambo?

Mnacheka. Mwanasiasa wa nchi hii hujifunza salamu hizo kabla hajaisoma ilani ya chama chake. Nimezitoa misibani, harusini, kwenye mikutano ya hadhara juani, mpaka siku moja mke wangu akaniuliza kama na yeye namwomba kura. Kuna unafiki kidogo ndani yake, sikatai. Lakini msiudharau. Ziko nchi ambako ukichagua salamu moja tu umeshatangaza uko upande wa nani.

Asubuhi nimeshuka daladala Posta ya Zamani, nikaamua kuja kwa miguu, maana daktari ananidai mazoezi. Pale ufukweni Walutheri wako Azania Front, Wakatoliki wako Mtakatifu Yosefu, hatua chache tu kati yao, na majengo yote mawili ni ya enzi za Mjerumani. Ukiingia mitaani kidogo unakutana na misikiti. Kengele na adhana vinapishana hapo katikati ya mji tangu bibi zenu hawajazaliwa. Na Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 3, inasema hii ni nchi ya kidemokrasia, ya kijamaa, isiyofungamana na dini. Halafu nchi hiyo isiyofungamana na dini ikisimama kuimba wimbo wake wa taifa, neno la kwanza linalotoka kinywani ni "Mungu".

Mimi sioni mgongano. Serikali haina dini, wananchi wanazo, na wimbo ni wa wananchi. Tangu sensa ya 1967 karani wa sensa hajatuuliza tena tunaswali wapi, na naona ni moja ya maswali yaliyoachwa kwa busara.

Sasa mada. Nimepewa mada ndefu kuliko umri niliobakiza: imani, demokrasia, uhuru na tabia ya binadamu. Serikalini kwetu kila moja ingekuwa semina ya siku tatu, na posho. Nitaanza na ya mwisho, kwa sababu hiyo ndiyo inayoziharibu nyingine.

Tulipokuwa watoto shuleni tulikaririshwa ahadi za mwana-TANU. Zilikuwa kumi. Binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja. Rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa. Cheo ni dhamana, sitakitumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu. Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko. Tulizighani kama kasida, mikono nyuma, macho kwa mwalimu mwenye fimbo. Ukubwani nikazitazama upya nikagundua kitu. Hakuna anayeapishwa asile mawe. Mtu anaapishwa asile rushwa kwa kuwa rushwa ni tamu, na mwiko siku zote huwekewa kinacholika. Walioandika ahadi zile walikuwa wanatujua. Walianza kwa kusema sisi sote ni ndugu, halafu wakatumia nafasi iliyobaki kutufunga mikono, ndugu hao hao.

Azimio la Arusha, Februari 1967, lilifanya vilevile. Kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe mkurugenzi kwenye kampuni ya mtu binafsi, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mkiwauliza wazee wa mji huu watawaambia kilichotokea kwenye hilo la nyumba: shemeji na mama wakwe wengi wakawa wenye nyumba kwa ghafla. Mimi nilikuwa na vyumba viwili Magomeni. Jina lililoandikwa kwenye hati halikuwa langu, na kodi ilikuwa inakuja kwenye bahasha ndani ya kikapu cha mchicha. Mwaka 1991 chama kilipokaa Zanzibar na kuyalegeza masharti yale, nilisikia wengi wakilia kwamba maadili yamekufa. Nililia nao. Kisha nikaenda kubadilisha jina kwenye hati.

Nawaambieni haya ili mjue anayezungumza ni nani.

Miaka michache iliyopita mpwa wangu, kijana wa bodaboda, aligongana na gari, akawekwa ndani. Nikaenda kituoni kumdhamini. Bado nilikuwa na ile harufu ya uheshimiwa, basi nikamwambia koplo wa zamu: mimi ni mbunge mstaafu, huyu kijana namfahamu, ni mtu mzuri, anamwogopa Mungu. Koplo alikuwa binti, umri wa wajukuu zangu. Hakunyanyua kichwa kwenye daftari lake. "Shikamoo babu. Barua ya serikali ya mtaa unayo? Kitambulisho? Unakaa wapi? Akitoroka tunakukamata wewe, umenielewa?" Halafu akaandika siku ambayo kijana anatakiwa kuripoti, saa mbili asubuhi, akaipigia mstari mara mbili.

Nikakaa kwenye lile benchi kusubiri, nikalisikia neno dhamana kana kwamba sijawahi kulisikia. Maisha yangu yote niliposema cheo ni dhamana nilikuwa nafikiria kitu kitakatifu, kama amana aliyokuachia marehemu. Na ni kweli liko hivyo. Lakini Kiswahili kimeweka ndani ya neno hilo hilo mdhamini, anwani na tarehe ya kuripoti. Yule koplo hakuuliza kama mpwa wangu ni mwema. Hakumwita mhalifu pia. Alimrudishia uhuru wake wote, akatoka akaendesha pikipiki yake jioni ile ile. Ila aliuandika.

Basi demokrasia ninayoifahamu mimi ndiyo hiyo ya koplo. Wananchi ni wadhamini, uchaguzi ni siku ya kuripoti, na daftari liko mezani, wazi, kila mtu anaweza kulisoma. Kiongozi anayeambiwa "wewe ni mcha Mungu, nenda tu" amepewa dhamana bila mdhamini, na akitoroka wa kukamatwa ni sisi.

Mtaniuliza, sheikh, kwani imani haitoshi kumzuia mtu? Wengi wenu mmekuja hapa mkiamini kwamba tukipata viongozi wanaomwogopa Mungu shida zetu zimekwisha. Nikiwa mbunge nilialikwa sana kwenye harambee, za misikiti na za makanisa. Utaratibu ni ule ule. Unaingia umechelewa, unapelekwa mbele, wazee wanainuliwa kwenye viti vyao kukupisha. Unatoa bahasha, inatangazwa kwenye kipaza sauti, watu wanasema takbir au haleluya. Sikumbuki hata mara moja kuulizwa na kiongozi wa dini nimezipata wapi. Mkitaka kumsaidia mwanasiasa wenu aende peponi, mnyimeni kile kiti cha mbele.

Maana vitabu vyenyewe haviwaamini watawala namna hiyo. Sisi tunasoma katika Surat An-Nisaa kwamba Mwenyezi Mungu anatuamrisha tuzirudishe amana kwa wenyewe, na tukihukumu baina ya watu tuhukumu kwa uadilifu. Angalieni hilo neno "wenyewe". Abubakar alipochukua ukhalifa anapokewa kusema: nimetawalishwa juu yenu wala si mimi niliye mbora wenu, nikifanya vyema nisaidieni, nikipotoka ninyosheni. Huyo ni Abubakar, sahaba, anaomba anyoshwe. Mbunge wa jimbo fulani anaona kuhojiwa ni kuvunjiwa heshima. Na jirani yangu mchungaji alinisomesha kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 8. Wana wa Israeli wanataka mfalme kama mataifa mengine. Samweli anawaambia: atawachukua wana wenu wakimbie mbele ya magari yake, atachukua mashamba yenu mazuri awape watumishi wake. Nilipofika hapo kwenye kukimbia mbele ya magari nilicheka, kwa sababu nakaa karibu na barabara ya Ali Hassan Mwinyi. Msafara ukipita, ving'ora vinalia, daladala zote zimezuiwa, mama mjamzito yumo ndani na wa kwenda usaili yumo. Kwenye msafara ule nimewahi kuwemo. Ndani ya gari hakuna joto, na ving'ora huwezi kuamini jinsi visivyosikika ukifunga kioo.

Haya, Mwalimu. Wiki ni yake.

Alibatizwa mwaka 1943, akiwa kijana mkubwa, akaitwa Julius. Waliomjua wanasema misa ya asubuhi kwake haikuwa ya kupigwa picha. Jimbo Katoliki la Musoma lilifungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri mwaka 2005, na Wakatoliki sasa wanamwita Mtumishi wa Mungu. Sisi Waislamu tuna malalamiko yetu juu ya utawala wake. Yameandikwa vitabuni, si mambo ya kunong'onezana barazani. Mkiyasoma pamoja, ninyi wa dini zote mbili, kwenye meza moja, mtakuwa mmefanya kazi ambayo kizazi changu kiliikwepa.

Lakini sikilizeni hili. Oktoba 1959, kwenye Baraza la Kutunga Sheria, alisema tungependa kuwasha mwenge na kuuweka juu ya mlima Kilimanjaro, umulike nje ya mipaka yetu, ulete tumaini pasipo na tumaini, upendo penye chuki na heshima penye dharau. Mnayajua maneno hayo, yanasomwa Mwenge ukiwashwa. Sasa waulizeni Wakatoliki waliomo humu wawasomee ile sala inayopewa jina la Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Penye chuki nilete mapendo. Penye kukata tamaa nilete matumaini. Na Mwalimu alikuwa amefundisha Pugu, kwenye shule iliyobeba jina la mtakatifu huyo huyo. Hata kama hakuwa anaiwaza sala ile siku hiyo, ilikuwa imeshamwingia damuni. Aliyatoa maneno msikitini kwake, samahani, kanisani kwake, akayavua joho, akatupa sote. Babu yangu, sharifu, aliyakariri bila kujua yametoka wapi. Hivyo ndivyo imani inavyoingia kwenye siasa bila kuvunja mlango wa jirani.

Miaka miwili baadaye, Oktoba 1961, pale Karimjee nilipopita asubuhi hii, likaletwa suala la uraia. Walikuwemo waliotaka uraia wa Tanganyika uwe wa watu weusi tu. Mwalimu aliwaka. Alisema serikali yake itajiuzulu ikiwa msimamo wake wa kutobagua rangi utakataliwa. Uhuru ulikuwa umebakiza wiki chache, tarehe 9 Desemba imeshapangwa. Mtu ameitafuta nchi kwa miaka saba, anakaribia kuishika, halafu anasema afadhali niikose kuliko kumnyima haki Mhindi wa Kisutu. Kura za Mhindi wa Kisutu zisingempa hata diwani. Kila nikilikumbuka jambo hilo ninaamini kwamba binadamu anaweza.

Na mwaka uliofuata tu, 1962, Bunge la chama chake likapitisha sheria ya kuweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani, na akiwa Rais aliitumia. Chama kilichowakaririsha watoto kwamba cheo ni dhamana kilitunga kifungo kisicho na dhamana. Katiba ya uhuru haikuwa na orodha ya haki za binadamu. Haki hizo ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuzitumia 1988. Hesabuni wenyewe toka 1961.

Sababu zilikuwepo, tena nyingine za kweli. Majaji walikuwa karibu wote wageni. Januari 1964 jeshi liliasi, na serikali ikalazimika kuwaita askari wa Mwingereza yule yule tuliyemuaga kwa vigelegele. Anayesema hapakuwa na hatari hakuwepo. Lakini sababu nzuri ndilo koti ambalo tabia ya binadamu hulivaa ikienda kazini. Inanukuliwa sana kauli ya Mwalimu mwenyewe kwamba Katiba ilimpa madaraka ya kutosha kuwa dikteta. Wengine wanaisoma kama sifa kwake: aliweza, hakutaka. Mimi naisoma kama onyo kwetu. Tulijenga nyumba isiyo na kufuli kwa sababu jirani wa wakati huo hakuwa mwizi.

Imani yake ilimzuia kujilimbikizia mali, na hilo hata wapinzani wake wanakubali. Haikumzuia kuamini kwamba anachotutakia ndicho tunachokitaka. Mtu mbaya, ukimwambia hapana, anajua kabisa kuwa umemkatalia. Mtu mwema mwenye madaraka anadhani hujaelewa, basi anakueleza tena, halafu anatuma lori.

Na lori hilo nilikuwa nalo mimi.

Mwaka 1968 Mwalimu alikuwa ameandika kwamba watu hawaendelezwi, hujiendeleza wenyewe. Novemba 1973 akatangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na mwisho wa 1976 watu wote vijijini wawe wamehamia. Mwaka 1974 nilikuwa katibu tarafa kwenye wilaya moja huko bara, nina miaka 26, nina Land Rover na mgambo sita na karatasi yenye mhuri. Sikuwa na shaka hata kidogo. Maji yangekuja, shule, zahanati. Na nawaambieni, baadhi vilikuja.

Kulikuwa na mzee mmoja, nyumba yake ya udongo iko peke yake kando ya mto, na mlango wake ulikuwa wa mninga. Nyumba za huko wakati ule zilikuwa na milango ya mabanzi, au ya mabua. Yeye alikuwa amefanya kazi mkongeni misimu kadhaa, akarudi na fedha, akamwita fundi. Mlango una fremu, una bawaba za chuma, umepakwa mafuta mpaka unang'aa. Nikamsomea karatasi. Akaniuliza, "Huko mnakotupeleka kuna nyumba?" Nikamwambia, mzee wangu, viwanja vimeshapimwa. Akasema, "Sikuuliza viwanja."

Sikuwa na jibu, na mtu asiye na jibu mwenye mgambo sita hupandisha sauti. Nikampa nusu saa. Aliingia ndani akatoka na nondo, akaanza kung'oa bawaba, taratibu, misumari anaiweka mfukoni mmoja mmoja. Mgambo wakaanza kucheka. Lori lilikuwa limejaa watu na kuku na vinu, mlango haukuingia. Akaubeba kichwani, mke wake ameshika nyuma, wakaanza kutembea. Maili saba. Niliwapita njiani na Land Rover. Naikumbuka vumbi niliyowatimulia, nimeiangalia kwenye kioo cha pembeni jinsi ilivyowafunika wote wawili na ule mlango.

Ijumaa ile nilikwenda msikitini nikaswali vizuri tu. Hilo ndilo nililotaka kuwaambia wale wanaodhani tukipata wacha Mungu tumepona. Mcha Mungu alikuwa mimi. Nilikuwa siibi, sinywi, nafunga hata sunna. Na siku ile hakukuwa na mtu yeyote, hakimu, mwandishi, diwani wa chama kingine, aliyekuwa na uwezo wa kusimama mbele ya ile Land Rover na kuniuliza kwa sheria gani.

Mwalimu aliondoka Ikulu Novemba 1985 kwa hiari yake. Halafu, akiwa amestaafu, akafanya lile ambalo kwangu ni kubwa kuliko hata uhuru. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizunguka nchi nzima mwaka 1991, na kama asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka tubaki na chama kimoja. Asilimia kama 20 walitaka vyama vingi. Tume ikapendekeza vyama vingi, Mwalimu akaunga mkono, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Vijana huniuliza, sasa hiyo ni demokrasia gani, wengi wamesema hapana? Ni swali zuri na limenisumbua. Jibu langu ni kwamba wachache wakishindwa hesabu wanapoteza uchaguzi, hawapotezi haki ya kuwepo. Wale asilimia 20 hawakuwa wanaomba kutawala. Walikuwa wanaomba wasiwe wahaini.

Ila nina dukuduku, na nitalisema. Vyama vingi viliingia kwa ruhusa. Mlango ulifunguliwa na aliye ndani. Na kilichoingia kwa ruhusa kinaweza siku yoyote kuambiwa kikae kwanza barazani.

Ndiyo maana namkumbuka mtu ambaye sikumpenda. Mchungaji Christopher Mtikila. Nasema wazi sikumpenda: alivyokuwa akiwasema Watanzania wenye asili ya Asia jukwaani kulinitia aibu. Lakini alikwenda mahakamani wakati sisi wastaarabu tulikuwa tunanong'ona. Oktoba 1994, Mahakama Kuu Dodoma, Jaji Lugakingira akaamua kwamba kulazimishwa kuomba kibali ili kufanya mkutano ni kinyume cha Katiba, na kwamba raia anaweza kugombea bila kuwa na chama. Hilo la mgombea binafsi Bunge likalizima kwa kubadilisha Katiba, na Mwalimu akalipinga hadharani. Mtikila akaendelea mpaka Mahakama ya Afrika pale Arusha, ambayo mwaka 2013 ilisema alikuwa na haki. Alifariki 2015 bila kuona sheria imebadilishwa. Kama mnataka kumpenda mtu kwanza ndipo mtetee uhuru wake, mtasubiri sana, na yeye atakuwa anawasubiri ninyi vilevile.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Ngoja nimalizie la mlango.

Mwaka 1995 niligombea ubunge kule kule. Nilikuwa nimeoa huko, watoto wangu ni wa huko. Tukafika kwenye kijiji kile, kampeni, magari manne na kikundi cha ngoma. Maji ya bomba hayakuwepo tena, shule ipo, mikorosho imekua. Nikaiona nyumba ya matofali ya kuchoma, ya mtoto wake, na mlango wa mninga umesimama mbele. Bawaba zile zile. Mzee amekaa kwenye mkeka, macho yameshaingia ukungu.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba." Akanyamaza kidogo. "Sauti hii naijua."

Nikajitaja. Nikasema nimekuja kuomba kura. Akageuza kichwa kama anayesikiliza kitu cha mbali, akasema, "Kumbe unajua kuomba." Hakusema kingine. Alimwita mjukuu aniletee kigoda, nikakalia hapo nje, nikapewa uji. Mlangoni sikukaribishwa, na sikuthubutu.

Jimbo nilishinda. Kwenye kituo cha kijiji kile nilipata kura 11. Nakala ya fomu ya matokeo ninayo mpaka leo, nimeihifadhi pamoja na vyeti vya watoto. Miaka yangu mitano, dereva alipokuwa akiniuliza ziara ya jimbo tuanzie wapi, nilikuwa namwambia tuanzie huko. Mwaka 2000 chama hakikunirudisha, kura za maoni zilikwenda kwa mwenye bahasha nene kuliko zangu. Mzee alikuwa ameshafariki. Sikuwahi kumwuliza kama katika zile 11 moja ilikuwa yake. Kura ni siri.

Haya, maswali. Fanyeni haraka, watu wa harusi wameshaanza kuingiza viti.